Kifua Changu na Wasichana wa Netiboli

Nayaandika haya kwa mtu aliyeambiwa leo hospitali kwamba ana kifua kikuu, akarudi nyumbani na karatasi yake ndani ya mkoba, na hajui amwambie nani. Mimi nilikuwa na karatasi kama hiyo. Nimepona, huu ni mwaka wa pili sasa. Ugonjwa unavyoingia na unavyotoka ni kazi ya madaktari kueleza. Mimi nitasimulia yaliyonikuta, na yaliyomkuta msichana mmoja wa timu yangu, kwa sababu yangu hayasimuliki bila ya yake.

Nilikuwa nasomesha jiografia katika skuli moja ya sekondari ya wasichana hapa mjini Unguja, na jioni nikifundisha netiboli. Hakuna aliyenituma. Nilicheza nilipokuwa chuo cha ualimu, na nilipopangiwa skuli ile nikakuta nguzo mbili za goli zimelala nyuma ya ghala, zimeliwa na kutu. Fundi chuma mmoja alinitengenezea pete mpya. Kiwanja kilikuwa cha udongo, mistari tukiichora kwa majivu ya jikoni, na mpira tulikuwa nao mmoja tu, ambao kila wiki mbili tukimpelekea fundi viatu aushone.

Mwaka wa kwanza nilipata wasichana watano. Ilinibidi niende nyumba kwa nyumba, Kikwajuni, Miembeni, Malindi, Mkunazini, nikawaeleze wazazi kwamba sketi zitapita magoti, kwamba ndani watavaa suruali, na kwamba hakuna wanaume watakaosimama kutazama. Mwaka wa pili nikawa nao kumi na mmoja. Tukianza mara tu baada ya sala ya alasiri. Mama zao wakaanza kuja, kwanza kuhakikisha niliyosema, halafu kwa sababu walipenda. Walitandika mkeka chini ya ukuta, wakaja na birika la chai ya tangawizi, wakazungumza mambo yao mpaka mpira ukiingia kwenye pete, hapo wote wanainuka. Ilikuwa miaka mitano baada ya Mapinduzi. Walikuwepo pale wa mji mkongwe na wa Ng'ambo, mitaa ya upande wa pili, ambao majumbani hawakuwa wakiingiliana tena, na jioni zile wakinywa chai kwenye vikombe vya pamoja.

Mfungaji wangu alikuwa Mwanakombo. Kwao Mkokotoni, lakini alikuwa akikaa kwa shangazi yake Kikwajuni ili asome. Alikuwa na miaka kumi na sita, maneno machache. Alinambia alijifunza kulenga akiwa mdogo, kwa kutupa vifuu vya nazi ndani ya pakacha nyuma ya nyumba yao. Alipokuwa anataka kufunga, hakuwa na haraka hata kama mlinzi yuko mbele ya uso wake. Aliitazama pete kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano, kisha akaachia. Nilimfanya nahodha, ingawa kulikuwa na wakubwa kumpita.

Kikohozi changu kilianza kipupwe cha mwaka huo. Nilidhani ni baridi ya alfajiri. Nilikunywa asali na ndimu, nikanywa tangawizi, nikajifukiza. Kila nilipopuliza filimbi, kifua kilikuwa kinanishika nakohoa mpaka machozi. Basi nikaivua shingoni nikampa Mwanakombo. Yeye akipuliza, mimi nikisema. Mazoezi yakiisha ananirudishia, kesho namvisha tena. Tuliendelea hivyo mpaka kipupwe kikaisha.

Vuli ilipoingia, nguo zilianza kunivuka. Nikirudi skuli nalala na buibui langu, sina nguvu ya kulivua. Shuka ikirowa jasho kama nimeianua kwenye mvua. Ramadhani ile nilifunga siku nane tu. Mume wangu, Salum, karani wa mizigo bandarini, aliniomba niende hospitali, na mimi nikamwambia nitakwenda baada ya Sikukuu, maana tulikuwa na mechi na skuli nyengine. Huo ulikuwa ujinga wangu, na nauandika ili wewe usiufanye. Siku ya mechi yenyewe nilikohoa kwenye ncha ya kanga yangu pembeni ya kiwanja, na nilipoitazama nikaona damu. Niliikunja kanga, nikaishikilia kwenye ngumi mpaka mchezo ukaisha.

Kesho yake asubuhi nilikuwa kwenye benchi la kliniki ya kifua. Benchi lile nilikuja kulijua vizuri. Lilikuwa limeegemea ukuta uliopakwa rangi ya kijani hadi usawa wa bega, na juu ya rangi kulikuwa na alama za vichwa vya watu waliochoka. Tulikuwa wanawake sita au saba, kila mmoja kajifunika mdomo. Bibi aliyekaa kulia kwangu alinambia amemleta jirani yake. Jirani mwenyewe, aliyekaa kushoto, alinambia amemsindikiza bibi. Nami walipouliza nikasema kuna mtu namngoja. Jina langu lilipoitwa mara ya kwanza sikuinuka. Nesi aliita mara ya pili ndipo nikasimama, na wale wawili wakatazama chini kwa hisani yao.

Walinipiga picha ya kifua, wakachukua makohozi siku tatu. Daktari alikuwa Mchina, mtu wa makamo, anajua Kiswahili cha maneno machache lakini kila neno akilitamka kwa uangalifu. Alinambia nitalala hospitali miezi mitatu na kuchomwa sindano kila siku, kisha nitakunywa vidonge mpaka mwaka na nusu utimie. Nilimuuliza nikipata nafuu mapema je. Akatikisa kichwa, akasema, "Mwaka na nusu." Nilidhani hakunielewa.

Salum alinipeleka wodini na kikapu cha nguo. Binti yetu Ashura, aliyekuwa hajatimiza miaka miwili, alichukuliwa na mama mkwe wangu kule Mwanakwerekwe. Sikumkumbatia kuagana naye. Nilisimama upande wa pili wa ua, bibi yake akamwinua mkono wake mdogo akaupunga kwa niaba yake.

Majirani Salum aliwaambia nimekwenda Pemba kuuguza jamaa. Hakuniuliza kwanza. Nilipopata habari, tayari mtaa mzima ulikuwa ukinitakia safari njema.

Wodi ilikuwa na vitanda kumi na vinne na madirisha makubwa yaliyoachwa wazi mchana na usiku. Sindano tulichomwa saa mbili asubuhi, leo upande huu, kesho ule, mpaka nyama ya makalio ikawa ngumu na kukaa kukawa kazi. Mwezi wa kwanza sikuona tofauti. Mwezi wa pili jasho likakatika na nikaanza kusikia njaa, na njaa ile ilinifurahisha kama barua kutoka kwa mtu niliyedhani kafa. Mwezi wa tatu masikio yakaanza kulia, sauti nyembamba kama nyenje, haikomi. Niliinyamazia wiki nzima kwa kuogopa watanikatizia dawa. Nilipomwambia nesi, daktari alipunguza dawa siku ile ile. Sikio la kulia lilirudi. La kushoto mpaka leo linasikia kama mtu aliye chumba cha pili. Ukisikia nyenje, sema siku hiyo hiyo.

Huku nyuma, mwalimu mkuu alikuwa amewapeleka wasichana wote wa timu kupimwa. Alifanya sawa. Lakini habari ilienea, na baadhi ya wazazi wakawatoa watoto wao. Kati ya kumi na mmoja walibaki sita, na mkeka wa akina mama haukutandikwa tena. Majibu yalipotoka, kumi walikuwa salama.

Wa kumi na moja alikuwa Mwanakombo.

Alinambia mwenyewe, amesimama nje ya dirisha langu na sare ya skuli. Ugonjwa wake ulikuwa ndio kwanza unaanza, kwa hiyo hawakumlaza. Alikuwa achomwe sindano kila asubuhi kisha aende darasani. Alisema hivyo kama anayenipa ujumbe wa mtu mwengine. Nilimwomba radhi. Akaniuliza kwa nini. Nikamwambia kwa sababu ya filimbi. Alifikiri kidogo, akasema, "Mwalimu, mimi nilipenda kuipuliza."

Nilimuuliza daktari kama ni mimi niliyemwambukiza. Alinifahamisha, kwa maneno yake machache na mikono yake, kwamba ugonjwa huu unakwenda na pumzi na si na filimbi, na pumzi ni za watu wengi. Huenda ni mimi, huenda ni mwengine, mtu hawezi kujua. Alinambia hivyo kunipunguzia mzigo. Mimi nimebaki na sehemu yangu ya kutojua, na nimejifunza kukaa nayo.

Tangu siku ile, kila asubuhi baada ya sindano yake, Mwanakombo alipita dirishani. Akinipa habari za timu. Wale sita, yeye akiwa mmoja wao, walikuwa wanafanya mazoezi wenyewe, akiwafundisha wenzake kwa yale aliyoyaokota kwangu. Akirudi kwao mwisho wa mwezi, aliniletea pweza mkavu kutoka kwa mama yake, amefungwa kwenye jani la mgomba. Wasichana wengine walituma mayai, mawili, matatu, na siku zile yai halikuwa kitu chepesi kupatikana. Salum alikuja kila siku ya kutazama wagonjwa, akakaa kwenye kigoda karibu na mlango, mbali kidogo na kitanda. Alikuwa anaogopa, na alikuja hivyo hivyo. Leo naona kwamba kuja kwake kulikuwa kugumu kuliko nilivyokuwa tayari kukubali wakati ule.

Nilitoka mwanzo wa masika. Nilikuta nimetengewa kikombe, sahani na kijiko, vyote vimefungwa uzi mwekundu. Salum alikuwa amehamishia godoro lake chumba cha mbele. Alasiri ile majirani walikuja kunipa mkono. Waliniuliza Pemba vipi, mvua zimeanza, mgonjwa hajambo. Niliwajibu. Nilisema mvua zimeanza, mgonjwa hajambo. Usiku Salum aliniuliza mbona nimenuna, nikamwambia nimechoka kusafiri. Hatukusemeshana siku mbili.

Ashura hakurudi. Mama mkwe alisema tungoje vidonge vyangu viishe, na nikakubali, maana moyoni na mimi nilikuwa naogopa. Nikimtembelea siku za Ijumaa, nakaa barazani na yeye anacheza uani. Alikuwa amewasikia wasichana wangu walionisindikiza wakiniita mwalimu, basi na yeye akaniita hivyo hivyo. "Mwalimu kaja," alikuwa akimwambia bibi yake.

Vidonge vilikuwa vikubwa na vichungu, vikikaa tumboni kama mawe. Asubuhi nyingi nilivitapika nikavinywa tena. Kila mwezi nilirudi kwenye benchi lile na kila mwezi daktari alitazama karatasi zangu, akanitazama mimi, akasema, "Bado." Mwili ulikuwa umejaa, mashavu yamerudi, nguo zinanibana. Kwenye kioo nilikuwa mzima kabisa.

Mwanakombo naye, aliyekwishamaliza sindano akawa kwenye vidonge, alinawiri. Na sasa nafika kwenye jambo ambalo ndilo linalonifanya niandike haya.

Katikati ya kipupwe, mimi nikiwa nimesharudi kusomesha, timu ilialikwa Pemba kucheza na wasichana wa skuli za huko. Wale sita walikuwa wamepata wa saba, na wawili wa akiba. Mwalimu mkuu alisema Mwanakombo atakwenda kama mimi nitaona anaweza, maana mimi naujua ugonjwa. Mwanakombo akaja nyumbani. Nilikuwa barazani nachambua mchele, siku zile mchele ukiupata kwa foleni hutupi hata chenga. Alisimama mbele yangu na kitabu chini ya kwapa. Shingo yake ilikuwa imejaa, ngozi yake inang'aa, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alikuwa anatabasamu kabla ya kuambiwa kitu.

"Mwalimu, nnaweza kwenda?"

Nilimtazama juu mpaka chini. Nilifurahi mno. Nilikuwa naiona pete, naiona mechi, nawaona wale wazazi waliowatoa watoto wao watakaposikia.

"Umenawiri, mwanangu," nikamwambia. "Wewe sasa mzima. Nenda."

Sikumuuliza vidonge. Laiti ningesema nenda na vidonge vyako, ni maneno manne. Mimi mwenyewe vya asubuhi ile nilikuwa nimevinywa.

Walikwenda, wakashinda. Niliambiwa alifunga mara nyingi hata watu wa Pemba wakawa wanampigia makofi yeye. Waliporudi, likizo ikaingia, akaenda kwao Mkokotoni. Skuli ilipofunguliwa hakurudi. Nilidhani amechelewa tu. Wiki ya tatu nilikwenda kwa shangazi yake Kikwajuni, Bi Fatma. Aliniambia ametumiwa salamu kwamba mtoto ana homa, wanamtibu huko huko. Nikamuuliza vidonge vyake viko wapi. Akaingia ndani akarudi na kopo la maziwa. Lilikuwa limejaa hadi nusu. Kiasi kile nilikijua kwa kukitazama, ni vidonge vya tangu Pemba.

Kesho yake nilipanda gari la shamba mpaka Mkokotoni. Mama yake, Bi Kazija, ndiye aliyenipokea. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akanikaribisha ndani bila ya maneno mengi. Mwanakombo alikuwa amelala kwenye kitanda cha kamba, na nilipomwona nikalijua lile jasho. Kando ya kitanda kulikuwa na sufuria la majani ya kufukiza. Walikuwa wamemhangaikia kwa kila walichokijua. Niliomba nimchukue nimrudishe hospitali. Baba yake alitaka kungoja mpaka Ijumaa. Bi Kazija akasema hapana, leo, na akaanza kufunga nguo za mtoto.

Walimlaza kwenye wodi ile ile, kitanda cha nne kutoka kilichokuwa changu. Sindano zikaanza upya. Daktari alinieleza kwamba ugonjwa ukiachwa katikati unarudi umezizoea dawa. Mwezi wa kwanza nilimsubiri aanze kusikia njaa. Hakuisikia. Nilikuwa nakwenda kila siku baada ya skuli, sasa ni mimi ninayesimama dirishani.

Siku moja aliponiona alitaka niingie nimkalishe. Alinieleza mechi ya Pemba kwa mpangilio, pasi kwa pasi, akipumzika baada ya kila sentensi. Alipomaliza nilimuuliza kwa nini aliviacha vidonge. Alisema vikimtapisha, na kule walilala wote ukumbi mmoja, hakutaka wenzake wamwone. Alidhamiria kuviacha siku za safari tu.

"Na tuliporudi?" nikamuuliza.

"Nilikuwa sisikii kitu, mwalimu. Na wewe ulikuwa ushasema mimi mzima."

Hakusema kwa kunilaumu. Alisema kama mtu anayetaja saa. Nilimshika mkono. Nilitaka kumwambia nilikosea, lakini nikaona kwamba hilo litanisaidia mimi zaidi kuliko yeye, nikamlaza tena.

Alifariki asubuhi moja ya kaskazi, baada ya sindano, mama yake akiwa anamchana nywele. Wasichana wanane wa timu walikwenda Mkokotoni kwenye gari moja na mama zao, na pamoja nao walikuwemo mama watatu wa wale waliowatoa watoto wao. Nyumba ilikuwa imejaa wanawake waliokaa chini, na tulipoingia walisogea tukapata pa kukaa.

Siku ya tatu, baada ya hitima, Bi Kazija aliniita chumba cha ndani. Tulikaa kwenye ukingo wa kile kitanda cha kamba. Alikuwa na sauti ya kawaida.

"Mwalimu, nataka kukuuliza jambo. Mwanangu aliporudi kutoka Pemba nilimwambia vidonge mbona sivioni. Akanambia mwalimu kasema nshapona. Ulimwambia?"

Nilikuwa nimelingoja suali hilo tangu Kikwajuni, tangu lile kopo. Nilikuwa nimelitayarishia majibu mengi, kwamba sikukusudia vidonge, kwamba niliambiwa nimtazame kwa mchezo tu, kwamba mtoto alielewa vibaya. Yote yalikuwa kweli.

"Nilimwambia," nikasema. "Nilimwambia wewe sasa mzima. Sikumuuliza vidonge. Nilitaka aende akacheze."

Nje walikuwa wanaosha masufuria. Bi Kazija akasema, "Nashukuru hukunificha," akainuka, akatoka. Sikusikia msamaha ndani ya maneno yale na sikuutafuta. Baadaye aliletwa msichana na sahani ya wali, akaambiwa ampe mwalimu, ahakikishe anakula. Nilikula wote.

Niliporudi mjini nilimwambia Salum kwamba sitakwenda tena Pemba ambako sikwenda. Alikaa, akasema, "Nilifikiri nnakusitiri." Nikamwambia najua. Jioni ile nilikaa barazani, na majirani walipokuja niliwaeleza nilikokuwa miezi ile mitatu. Mmoja hakuingia nyumbani kwangu tena kwa muda mrefu. Mwengine aliniuliza kwa sauti ndogo kliniki inafunguliwa saa ngapi. Salum alikuwa ndani anasikia. Wiki ile alikata nyuzi za vyombo vyangu kwa mkasi, moja moja.

Mwaka na nusu ulipotimia ilikuwa karibu na kipupwe chengine. Daktari alitazama picha mpya kwenye mwanga wa dirisha, akaniangalia, akasema, "Kwisha." Nilidhani nitafurahi. Nilitoka nikakaa tena kwenye benchi kama anayengoja zamu, mpaka nesi akaja kuniuliza kama nimesahau kitu.

Ashura alirudi. Usiku alimlilia bibi yake, mchana akaniita mwalimu, na sikumkataza. Ilimchukua mpaka masika yaliyofuata kuniita mama.

Timu ipo. Nafundisha, na kwa sababu ya sikio langu wasichana wakitaka kuniita wakiwa kushoto kwangu wananyoosha mkono juu. Kila muhula, kabla sijamgusisha mtu mpira, tunakwenda sote kupimwa, mimi mbele. Mama zao wamerudisha mkeka.

Asubuhi moja ya mwaka jana niliitwa darasani, nikaambiwa nina wageni langoni. Alikuwa Bi Kazija, amekuja na gari la kwanza kutoka Mkokotoni, na pamoja naye mwanamke kijana aliyejifunika mdomo kwa ukaya. Bi Kazija nilikuwa sijamwona tangu ile siku ya hitima. Tuliamkiana.

"Huyu jirani yangu," akasema. "Ametoka hospitali jana, kapewa karatasi, hataki kurudi. Mwambie kama ulivyonambia mimi."

Niliwaketisha kwenye kivuli cha ukuta. Nikamwambia yule mwanamke habari za benchi, za sindano, za masikio, za uzi mwekundu. Nikamwambia habari za Mwanakombo, mama yake akiwa amekaa pale pale ananisikiliza, na neno nililomwambia nikalirudia kama lilivyokuwa, wala sikulipunguza. Ilikuwa vigumu zaidi kulisema mara ya pili kuliko mara ya kwanza. Yule mwanamke aliniuliza ni muda gani, nikamwambia mwaka na nusu. Akatazama mikono yake.

"Na nikipona kabla?"

Nilifungua mdomo nimjibu. Bi Kazija akanitangulia.

"Hutopona kabla," akamwambia, akamshika mkono akamwinua, na sote watatu tukaenda kliniki.